Je, Wajua Kwa Nini Morani wa Kimaasai Walielekezeana Mikuki Baada ya Kifo cha Mbatiany?

Mnamo mwaka 1890 au karibu yake alifariki Mbatiany, mwana wa Supeet, oloiboni mkuu, yaani mpiga ramli na kiongozi wa ibada, ambaye baraka zake zilitafutwa na Wamaasai kuanzia nyika za Arusha hadi Bonde la Ufa upande wa Kenya. Haikupita miaka mingi kabla ya morani, yaani vijana wapiganaji, wa rika moja, ambao kwa desturi ni ndugu hata kama hawajawahi kuonana, kuanza kuuana. Jibu lililozoeleka ni kwamba wanawe wawili, Sendeyo na Olonana, waligombea urithi wa baba yao. Jibu hilo si la uongo, ila halituelezi kwa nini kijana mwenye mkuki, asiye na haja ya kibuyu cha ramli, akubali kufa kwa ajili ya ugomvi wa nyumba isiyo yake.

Tuanze na ugomvi wenyewe. Husimuliwa kwamba Mbatiany, akiwa mgonjwa na mwenye jicho moja tu, alimwambia Sendeyo, mwanawe mkubwa, aje asubuhi ya kesho yake akabidhiwe vifaa vya uoloiboni, yaani rungu la chuma, pembe ya dawa, kibuyu na vijiwe vyake. Olonana aliyasikia maneno hayo kwa siri, akaamka mapema, akajipeleka kwa baba yake kana kwamba ndiye aliyeitwa, naye akapewa kila kitu pamoja na baraka. Sendeyo alipofika alikuta mambo yamekwisha, akaapa kwamba hatakuwa chini ya mdogo wake. Msomaji wa kitabu cha Mwanzo atawakumbuka Yakobo na Esau mara moja. Masimulizi haya yalichapishwa na ofisa mmoja Mwingereza mwaka 1905, wakati Olonana alikuwa amekwisha kushinda, na yanaongeza kwamba ugonjwa uliwapata watu na mifugo ya upande wa Sendeyo ilhali upande wa Olonana ulisalimika. Kwangu hiyo ni sauti ya mshindi, ingawa inastaajabisha kwamba hata mshindi hakuona haya kusimulia hila yake.

Oloiboni hakuwa mfalme. Alitoka katika ukoo wa Ilaiser, ndani ya mlango wa Inkidongi, na kazi yake ilikuwa kupiga ramli, kutoa dawa ya vita, kubariki sherehe ya eunoto ambayo huwapandisha morani kuelekea uzee, na kupokea sehemu ya ng'ombe waliotekwa. Hakuwa na askari wala hakukusanya kodi. Waliowaongoza morani ni laigwanani, yaani viongozi wao wa rika, na waliowasimamia ni wazee wa olpiron, walezi wao wa rika la pili juu yao. Hata hivyo, vita visivyobarikiwa na oloiboni vilionekana ni vya wehu, na kwa sababu hiyo maoloiboni wawili waliobariki kila mmoja upande wake walitosha kuligawa jeshi ambalo hawakuwahi kuliamuru.

Hapo ndipo morani alipobanwa. Maisha yake yalishikwa na vifungo vitatu visivyofuata mipaka ileile. Kifungo cha kwanza ni rika. Wakati huo lilikuwa Iltalala, jina lililotambulika katika maeneo mengi ya Umaasai. Kwa mwenzake wa rika morani hawezi kufunga mlango, na hata maziwa hayanywi peke yake bila kuwapo mwenzake. Cha pili ni ukoo, ambao umetawanyika kila mahali, kwa hiyo Mpurko na Mloita wanaweza kuwa wa damu moja. Cha tatu ni olosho, yaani sehemu ya Wamaasai yenye ardhi, malisho, visima na manyatta (kambi za morani) zake, kama Kisongo, Loita, Purko au Matapato. Katika siku za amani vifungo hivyo vilisaidiana: ukiwa ugenini, kama si ukoo, basi rika litakulaza. Lakini vita huitishwa na manyatta, na manyatta ni ya olosho. Loita kwa sehemu kubwa walisimama na Sendeyo, Purko wakasimama na Olonana, na morani aliyebaki nyumbani kwa kumwonea huruma mwenzake wa upande wa pili angeitwa mwoga mbele ya wale anaokula nao nyama porini. Tena, kumuua Mmaasai mwenzako hakukuwa na sifa yoyote. Kwa sheria ya jadi damu ya mwanamume ililipwa kwa ng'ombe 49, na wanaolipa ni jamaa wa muuaji.

Nini basi kiliyashinda hayo yote? Nadhani ni njaa. Homa ya mapafu ilikuwa imekwisha kupunguza mifugo katika miaka ya 1880, kisha kati ya mwaka 1890 na 1891 sotoka, tauni ya ng'ombe, ikaua karibu kila ng'ombe, na ndui ikafuata kwa watu. Wamaasai huyaita maangamizi hayo emutai. Mwaka 1892 msafiri Oscar Baumann aliwakuta Ngorongoro watu waliobaki mifupa na ngozi. Kwa kawaida morani huteka ng'ombe kwa majirani, huwapeleka kwa baba yake, na ndio watakaolisha wadogo zake na kumwolea mke. Sasa majirani nao walikuwa wamefilisika, na mwenye ng'ombe wachache waliosalia alikuwa Mmaasai wa olosho nyingine. Ugomvi wa urithi ulihalalisha uporaji ambao bila huo ungekuwa aibu tupu, na aliyekwenda kumpora ndugu wa rika alikwenda akiwa na baraka za oloiboni na picha ya mama yake mwenye njaa.

Wengine hawakuchagua upande wowote. Wengi walikimbilia miteremko ya Mlima Meru kwa Waarusha, wanaozungumza Kimaa na kufuata marika yale yale, lakini wenye migomba na mashamba, na humo wakapata chakula na matunzo.

Mwishowe mizani ilielemea upande wa Olonana, na si kwa dawa peke yake. Mpaka wa Waingereza na Wajerumani ulikwisha kuikata nchi. Olonana alisogea karibu na ngome ya Waingereza jirani na Nairobi ya leo, na morani wa upande huo walichukuliwa kama wasaidizi katika kampeni za kuwaadhibu majirani, wakalipwa kwa ng'ombe waliotekwa. Sendeyo alikuwa upande wa mpaka uliotawaliwa na Wajerumani, ambao waliwapiga watu wake. Mwaka 1902 alikwenda kwa mdogo wake kuomba aruhusiwe kuishi naye, wakapatana. Miaka miwili baadaye Olonana, ambaye Waingereza walimhesabu kuwa mkuu wa Wamaasai wote, alikuwa miongoni mwa waliotia alama kwenye mkataba uliowahamisha watu wake kutoka malisho ya Bonde la Ufa, madaraka ambayo oloiboni hakuwahi kuwa nayo enzi za baba yake. Leo, katika tarafa ya Loliondo mkoani Arusha, Loita na Purko ni majirani, na mabishano yao yamebaki kuwa ya malisho na maji.