Kuhifadhi nyaraka ni nini hasa? (kabla hujapeleka picha ya babu kulaminetiwa)

Waraka ni barua, zikiwa nyingi ni nyaraka, ni neno la Kiarabu lililokuja na maana yake ya karatasi. Wakenya wao sehemu inapokaa mizigo hiyo wanaiita makavazi. Kwa Unguja ipo pale Kilimani, Nyaraka za Taifa, humo mna barua za masultani, makaratasi ya ubalozi mdogo wa Waingereza, picha za mji zamani, na maandishi ya Kiarabu ambayo UNESCO waliyaingiza kwenye orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2003, rekodi za Wajerumani zilizoko Dar zilitangulia 1997.

Sasa watu wengi wakisikia kuhifadhi wanaelewa kufungia kabatini, au kuifanya ing'ae. Siyo. Karatasi inakufa tu hata ukiiacha imelala, wino mwingine wa zamani una chuma ndani yake na unakula karatasi taratibu mpaka herufi inabaki tundu, kwa hiyo anayehifadhi hazuii kifo, anakichelewesha. Na huku pwani maadui wako mlangoni: unyevu, chumvi, mchwa, na wale wadudu wadogo wa rangi ya fedha wanaopenda gundi ya vitabu.

Nyumbani kwetu kulikuwa na bati la biskuti limejaa barua za bibi, Kiswahili kitupu ila kwa herufi za Kiarabu, zimefungwa kwa uzi mafungu mafungu. Mimi kwa ujuaji wangu nikazifungua zote nikazipanga kwa ukubwa, zile nzuri juu 😅 Hapo ndipo nilipoharibu. Lile fungu lenyewe lilikuwa linasema kitu, kwamba hizi zilitoka kwa mtu mmoja, hii ilijibu ile. Nusu ya barua hazina tarehe, sasa nitajuaje ipi ilianza? Watu wa nyaraka wana sheria yao, mzigo unabaki kwa mpangilio aliouacha mwenyewe hata kama unakuudhi macho, na wa familia hii hauchanganywi na wa familia ile. Hiyo ndiyo nusu ya maana ya kuhifadhi na ndiyo hakuna anayekwambia.

Nusu ya pili ni mambo madogo madogo. Toa pini na stepla, zinashika kutu na kutu inahamia kwenye karatasi. Selotepu usithubutu, gundi yake inageuka rangi ya chai na haitoki. Picha iliyo kwenye fremu isigusane na kioo, maana uso wa picha nyingi za zamani ni jelatini, utando kama gundi, ukipata unyevu unalainika unanata, siku unataka kuitoa inabaki na kioo nusu ya uso wa mzee. Shika pembeni, vidole vina mafuta. Ukitaka kuandika majina andika nyuma, kwa penseli, taratibu, kalamu ya wino inaweza kupenya hadi mbele.

Na kulamineti jamani, yule kijana wa stationari hana kosa, wewe ndiye unampelekea. Ile mashine inachoma plastiki ikashikana na picha, kuitenganisha tena ni balaa, na picha imepikwa tayari.

"Si nishaskani?" Skani ni vizuri, tena skani nyuma pia, huko ndiko kuna muhuri wa studio na yale maneno ya "kwa ndugu yangu mpenzi". Ila usitupe yenyewe, simu yako ikidondoka baharini utaniambia.

Zile barua za bibi nimezirudisha kwenye bahasha kavu za karatasi, lile bati lilikuwa linatoa kutu. Uzi wake nao nimeuweka. Sasa natafuta mzee anayesoma khati ile anisaidie, labda mafungu yatarudi.