Je, wajua? Mstari mwekundu wa risasi za ndege hautokani na bendera wala rangi iliyopakwa

Katika picha za vita vya angani, hasa zilizopigwa usiku, huonekana mistari ya mwanga ikichomoka kwenye ndege: mingine myekundu, mingine ya kijani, mingine karibu myeupe. Hizo ni risasi za mwanga. Kitako cha risasi hutobolewa na kujazwa dawa inayowaka ikiwa hewani, ili mpigaji aone risasi zake zinakokwenda. Sasa, kwa nini rangi zitofautiane? Majibu mawili husikika sana. Kwamba mwanga hufuata rangi iliyopakwa kwenye ncha ya risasi, na kwamba kila upande ulikuwa na rangi yake: nyekundu ya Wamarekani na washirika wao, kijani ya Wasovieti na waliopewa silaha nao. La kwanza si kweli kabisa. La pili lina ukweli kidogo, lakini wa kipindi kimoja tu.

Rangi ya ncha ilikuwa ya fundi wa silaha, yule aliyebaki ardhini akipanga mikanda ya risasi kabla ndege haijaruka. Alihitaji kujua kwa kutupa jicho tu kila risasi inafanya kazi gani. Kwa risasi za Kimarekani za milimita 12.7, zilizotumika kwenye ndege nyingi za Vita vya Pili vya Dunia, ncha nyeusi ilimaanisha risasi ya kutoboa chuma, ya bluu isiyokoza ni ya kuwasha moto, na ya rangi ya fedha ilifanya kazi zote mbili. Risasi ya mwanga ya aina ya M1 ilikuwa na ncha nyekundu, na aina ya M17, ambayo nayo ni ya mwanga, ikapakwa kahawia. Baadaye M62 ya milimita 7.62 ikapakwa rangi ya chungwa. Zote tatu ziliwaka nyekundu. Hakuna aliyewahi kuona mstari wa kahawia angani.

Waingereza walifuata utaratibu mwingine tena. Wao walipaka duara dogo kuzunguka fataki, yaani kile kidude kinachowasha baruti, kule chini ya ganda: jekundu kwa risasi ya mwanga, la bluu kwa ya kuwasha moto, la kijani kwa ya kutoboa chuma. Kwa hiyo risasi ya Spitfire, ndege yao ya kivita, yenye alama ya kijani haikutoa mwanga wa kijani. Haikutoa mwanga wowote.

Dhana ya bendera imejengwa zaidi na vita vya Vietnam. Kule risasi za Wamarekani zilionekana nyekundu, na wengi waliopigana upande wao wamesimulia mistari ya kijani ikija kutoka upande wa pili, uliokuwa na risasi za Kisovieti na za Kichina. Ukirudi nyuma, mpaka huo unafutika. Mwaka 1916 Waingereza waliingiza risasi ya mwanga ya inchi .303 iliyojulikana kama Sparklet, wakati ambapo ndege kubwa za gesi za Wajerumani zilikuwa zikishambulia Uingereza usiku. Mwanga wake ulikuwa mweupe wenye ukijani. Wajerumani nao, katika vita vilivyofuata, walikuwa na risasi za mwanga za zaidi ya rangi moja, zikiwemo za njano. Mtu aliyezitazama anga hizo akitegemea rangi kumtambua adui angeweza kumpiga mwenzake.

Rangi yenyewe huzaliwa ndani ya moto. Ukipika wali kwenye jiko la gesi na maji yenye chumvi yakafurika, utaona ule moto wa bluu ukigeuka njano ghafla pale maji yalipogusa. Maji hayakuleta moto mpya. Sodiamu iliyo kwenye chumvi imepata joto, elektroni zake zimeruka juu, na zinaporudi mahali pake zinatoa nishati kama mwanga, na kwa sodiamu mwanga huo ni wa njano. Kila metali ina mwanga wake. Strontiamu hutoa nyekundu, bariamu hutoa kijani. Sodiamu ina nguvu sana katika hili, kiasi kwamba ikichanganyika kidogo tu kama uchafu, njano yake inaweza kuharibu rangi iliyokusudiwa.

Ndani ya kitako cha risasi kuna vitu vitatu vikuu: unga wa magnesiamu ambao ndio kuni, chumvi ya strontiamu au bariamu inayotoa oksijeni na rangi kwa wakati mmoja, na kitu cha kuvishikanisha. Baruti inapolipuka kwenye mtutu, gesi zake za moto huiwasha dawa hiyo kwa nyuma. Hapo ndipo ugumu unapoanzia. Magnesiamu huwaka kwa joto kali mno, na majivu yake hung'aa meupe. Ukiiongeza unapata mwanga mkubwa lakini uliopauka, ukiipunguza unapata rangi iliyokoza lakini hafifu. Strontiamu huvumilia mvutano huo vizuri kiasi, na wekundu wake hubaki hata moto ukiwa mkali. Bariamu ni ngumu zaidi. Ili itoe kijani safi inahitaji kuungana na klorini ndani ya mwali wenyewe, na joto likizidi muungano huo huvunjika. Bila klorini, bariamu hutoa mwanga mweupe wenye ukijani tu. Sparklet ilikuwa magnesiamu na peroksidi ya bariamu, hakuna klorini, na ndiyo maana ilionekana vile.

Usiku ulileta tatizo jingine. Mwanga unaomsaidia mpigaji mchana humpofusha gizani, maana macho yake yamekwisha kuzoea giza na bunduki iko mbele ya uso wake. Kwa hiyo zilitengenezwa risasi zenye tabaka la kwanza linalowaka kwa unyonge, ili mwanga mkuu uanze risasi ikiwa imeshafika mbali na ndege. Wajerumani walikuwa na aina maalumu iliyofifia kwa ajili ya ndege zao za kivita za usiku.

Na ule mstari mmoja usiokatika? Huo nao ni kiinimacho. Kwa kawaida risasi moja tu katika kila tano ilikuwa ya mwanga. Ndege ya Kimarekani ya AC-47, iliyoanza kazi Vietnam mwaka 1964, ilikuwa na bunduki tatu za rashasha ubavuni, kila moja ikiweza kutoa risasi 6,000 kwa dakika, sawa na 100 kwa sekunde. Kwa uwiano wa moja kwa tano, hizo ni za mwanga 20 kwa sekunde kutoka kwa kila bunduki, zikikimbia takriban mita 830 kwa sekunde. Kati ya moja na nyingine kuna karibu mita 40 za giza, na ndani ya giza hilo zinapita risasi nne zisizoonekana. Picha maarufu zenye mistari mizima zilipigwa kwa kuacha lenzi wazi kwa muda mrefu.

Risasi ya mwanga pia haisafiri sawasawa na zile nne. Dawa inavyoungua, risasi inapungua uzito, na gesi inayotoka kitakoni hubadilisha ukinzani wa hewa. Rubani aliyeona mwanga ukipita juu ya shabaha hakuwa na hakika kwamba risasi nyingine zimepita hapohapo. Kutoka kwenye ndege inayokwenda kasi, mistari hiyo ilionekana hata kupinda. Ndiyo sababu marubani wa Uingereza waliipenda sana De Wilde, risasi ya kuwasha moto iliyotumika kwenye mapambano ya mwaka 1940. Haikuchora mstari wowote njiani. Ilitoa mmweko pale tu ilipogonga ndege ya adui, na rubani akajua hapohapo kwamba amelenga sawa.