Sandarusi si jiwe, si ubani, wala si tiba ya pumu

Sandarusi hutoka kwenye msandarusi (Hymenaea verrucosa), mti wa misitu ya pwani, kuanzia Kenya na Tanzania hadi Msumbiji na Madagaska. Imezushiwa mengi, na mengine yanaumiza watu.

Kwa kuwa sandarusi ilichimbwa ardhini, wengi hudhani ni jiwe. Ni utomvu. Gome likijeruhiwa hutoka, hukauka na kuganda. Ukidondoka hufukiwa na mchanga, na hata msitu ukitoweka wenyewe hubaki chini. Wafanyabiashara wa Unguja wa karne ya 19 waliithamini zaidi ile ya kuchimbwa kwa ugumu wake. Ile mbichi ya mtini, chakazi, ilikuwa na bei ya chini. Ukiosha kipande cha kale na kuondoa gamba, utaona vipele vidogo vidogo, kama ngozi iliyosisimka kwa baridi. Shehena zake zilifika hadi Salem, Marekani, zikatumika kutengenezea vanishi.

Wapo wanaoiuza kwa jina la kaharabu, yaani utomvu wa kale sana uliogeuka kuwa mgumu kama jiwe. Kaharabu ya Baltiki ina mamilioni ya miaka, sandarusi haina umri huo hata kidogo. Itilie tone la spiriti kali: sandarusi mara nyingi huanza kunata, kaharabu haitikisiki.

Wengine huidhania ubani, lakini hivyo viwili havina hata undugu. Ubani hutoka kwenye miti ya Boswellia ya nchi kame kama Somalia na Omani, ilhali msandarusi ni wa jamii ya kunde. Msandarusi utautambua kwa majani yake, vipande viwili viwili kwenye kikonyo kimoja, na kwa tunda lenye vinundu vilivyojaa utomvu.

Sasa dawa, na hapa ndipo penye uzito. Kufukiza sandarusi ni desturi ya zamani, na harufu yake ni nzuri kweli. Lakini kusema moshi huo hutibu pumu kwa kuwa ni wa asili ni hatari. Moshi wowote hubeba chembe laini zinazochokoza njia ya hewa, na mwenye pumu anaweza kubanwa kifua papo hapo. Kuloweka kipande majini ili unywe nako hakufai kitu: sandarusi haiyeyuki kwenye maji, tofauti na gundi ya mgunga. Mtoto anayekoroma kifua na kuvuta pumzi kwa shida asifunikwe shuka juu ya chetezo, apelekwe hospitali.