Chembe za nano za dhahabu: kutengeneza ni rahisi, kutuliza ni kazi

Mstari mwekundu unaojitokeza kwenye kipimo cha haraka cha malaria mara nyingi ni dhahabu. Ni dhahabu iliyo katika chembe za nano, yaani punje zenye upana usiozidi nanomita 100. Nanomita moja ni sehemu ya bilioni ya mita. Zikiwa ndogo hivyo hazing'ai njano tena. Elektroni zake hutikisika pamoja na mwanga, hufyonza zaidi ule wa kijani, na maji yaliyozibeba huonekana mekundu.

Kuzitengeneza si kazi kubwa. Njia ya John Turkevich na wenzake ya mwaka 1951 ingali inatumika: chemsha maji yenye chumvi kidogo ya dhahabu, mimina sitrati ya sodiamu (chumvi ya asidi ya limau), na baada ya dakika chache maji hupita rangi ya wino hadi kuwa mekundu. Chombo kiwe safi kabisa.

Kazi ni kuzituliza. Chembe zikigusana hushikana. Sitrati huzivika chaji hasi ili zisukumane, lakini ulinzi huo ni dhaifu: tia chumvi ya mezani, maji yatageuka zambarau, kisha bluu, na mwishowe dhahabu itazama. Mwaka 1994 Mathias Brust na wenzake walitumia thioli, molekuli zenye salfa inayong'ang'ania dhahabu. Chembe zao ziliweza kukaushwa na kutawanywa upya kwenye kiyeyusho.

Katika kugundua kemikali, tabia hiyo ya kushikana ndiyo inayotumika. Chembe huvikwa molekuli zinazonasa, tuseme, zebaki (ile ile ya wachimbaji wadogo). Zebaki ikiwepo huziunganisha, na wekundu hugeuka bluu mbele ya macho. Maabara mbinu hii hufanya kazi, lakini maji ya mto yana chumvi zake, nazo huweza kutoa jibu la uongo.

Kwenye vichocheo, yaani vitu vinavyoharakisha mmenyuko wa kemikali, mambo ni magumu zaidi. Mwaka 1987 Masatake Haruta na wenzake walionyesha kuwa dhahabu, metali iliyodhaniwa goigoi, ikiwa chembe ndogo juu ya oksidi ya chuma huweza kuoksidisha (kuunganisha na oksijeni) gesi ya kaboni monoksidi hata chini ya nyuzi sifuri. Lakini mmenyuko hutokea kwenye uso wa chembe. Ukiuvika thioli tele, gesi haifiki; ukiuacha wazi, chembe huungana na kupoteza nguvu. Wanakemia huzipachika kwenye oksidi ya titani au ya chuma izishikilie, kisha huunguza koti la molekuli lililozivika. Joto likizidi hapo, chembe hukua kabla hata ya kuanza kazi.