Maana ya Utayari katika Makao ya Wanyama

Nimelisikia neno utayari likitumiwa visivyo mara nyingi mno, na mara ya mwisho lilinikera kiasi cha kunifanya niketi niandike. Katika kikao kimoja ilioneshwa video ya vijana waliokuwa wakivuka maji ya mafuriko huku wamebeba mbwa mabegani, na msemaji akatueleza kwamba huo ndio utayari wa makao ya wanyama dhidi ya maafa. Vijana wale walistahili pongezi zote, lakini kazi waliyokuwa wakiifanya inaitwa uokoaji, na mara nyingi uokoaji wa namna ile huhitajika pale ambapo utayari haukuwapo.

Maana yenyewe haina mzunguko. Utayari wa makao ya wanyama, yaani mahali wanapotunzwa mbwa, paka au punda waliopotea na waliotelekezwa, ni hali ya kwamba yote yatakayohitajika siku ya maafa yamekwisha kupangwa, kupatikana na kujaribiwa kabla ya siku hiyo. Wasimamizi wa maafa huigawa kazi yao katika kuzuia, kujiandaa, kukabiliana na kurejesha hali. Utayari ni zao la kujiandaa, na uokoaji ni sehemu ya kukabiliana.

Mkanganyiko unatokana na neno tayari, ambalo katika Kiswahili limebeba maana tatu. Tunasema "niko tayari kukusaidia" tukimaanisha kwamba tu radhi. Tunasema "chakula kiko tayari" tukimaanisha kwamba kimekamilika. Na siku hizi wengi husema "tayari ameondoka" wakimaanisha kwamba amekwisha kuondoka, matumizi ambayo walimu wengine wa lugha huyakemea. Binafsi sioni sababu ya kuyakemea sana, kwa kuwa katika jambo hili maana hiyo ya tatu iko karibu zaidi na ukweli kuliko ile ya kwanza.

Asili ya neno inaniunga mkono. Kiurdu, Kihindi na Kiajemi vinalo neno hilihili kwa maana ya kukamilika kwa ajili ya kazi, na maelezo yanayotolewa mara nyingi hulihusisha na neno la Kiarabu lenye maana ya chenye kuruka, kutoka katika mzizi uleule uliotupatia tiara, kile kishada ambacho watoto wa pwani hukirusha angani. Inaelezwa kwamba lilikuwa neno la wafugaji wa kozi, yaani ndege wanaofunzwa kuwinda: ndege aliyemaliza kunyonyoka manyoya ya zamani na kuota mapya, akawa anafaa kurushwa, ndiye aliyeitwa tayari. Kunyonyoka huko huchukua majuma mengi, na katika kipindi hicho mfugaji humlisha, humtunza na kumngoja. Kozi ambaye mabawa yake hayajatimia anaweza kuwa na hamu kubwa ya kuruka, lakini hakuna mfugaji mwenye akili atakayemwita tayari kwa sababu ya hamu hiyo.

Kisa ninachokikumbuka kila ninapolitafakari neno hili ni cha New Orleans, Marekani, mwaka 2005. Kabla ya kimbunga Katrina kutua tarehe 29 Agosti, Louisiana SPCA, shirika la kuzuia ukatili dhidi ya wanyama, lilikuwa limekwisha kuwaondoa wanyama 263 waliokuwa katika makao yake na kuwapeleka Houston, jiji la jimbo la Texas, umbali wa zaidi ya kilomita 500, katika makao ya shirika jingine. Jengo walilolihama, lililokuwa katika mtaa wa Ninth Ward, lilifunikwa na maji. Safari ya namna hiyo haitungwi usiku mmoja. Lazima pawe na mwenyeji aliyekubali mapema, magari yenye hewa ya kutosha, kizimba cha kubebea kwa kila paka (na yeyote aliyewahi kumtia paka mwenye hofu kizimbani anajua muda unaoliwa hapo), chanjo zilizokwisha kutolewa, na picha pamoja na kumbukumbu za kila mnyama zilizonakiliwa mahali pengine. Na kwa kuwa shirika halikuwa na wanyama wake wa kuwaokoa kutoka majini, liliweza kushiriki katika kuwaokoa maelfu ya wanyama wa watu wengine waliobaki katika nyumba zilizofurika. Hata hivyo, kabla ya mwezi kupita kimbunga Rita kiliitishia Houston yenyewe, jambo linaloonesha kwamba mwenyeji mmoja anaweza asitoshe.

Baada ya Katrina, Marekani ilipitisha sheria iliyotiwa saini mwezi Oktoba mwaka 2006, inayozitaka serikali za majimbo na za mitaa kuwajumuisha wanyama wa nyumbani na wanyama wasaidizi wa watu wenye ulemavu katika mipango yao ya dharura. Sheria hiyo hutajwa kana kwamba iliyakamilishia makao ya wanyama utayari wao. Lakini msisitizo wake uko kwa wanyama wanaoishi na wenyewe, na mpango wa kuwahamisha mbwa mia waliomo katika vizimba vya makao unabaki kuwa kazi ya makao yenyewe.

Kwa hiyo ningemwomba msemaji wa kikao kile, kwa heshima zote, aseme kwamba vijana wale walikuwa na ari, au kwamba walikuwa radhi kuhatarisha maisha yao, kwa kuwa maneno hayo yanatosha na yanawapa haki yao. Neno utayari alitumie siku atakapotuonesha makao ambayo maji yaliingia yakakuta vizimba vitupu.