Objekti ya C++ haisubiri new

Wiki hii nimeulizwa tena, na aliyeuliza si mgeni wa programu: "Maalim, objekti ya klasi nitaipataje bila new?" Nafundisha lugha ya programu ya C++ hapa Chake Chake, na kila kundi jipya linakuja na dhana hiyo hiyo, kwamba objekti (kitu kilichoumbwa kwa ramani ya klasi) haipatikani bila `new`. Wengi wameanzia Java, na huko wana haki: unaandika `new`, objekti unaihesabu iko kwenye hipu (memori ya kuombwa wakati programu inaendeshwa), na mkusanya taka anaizoa ikishakosa mtu wa kuitumia. C++ haikupi mkusanya taka. Uliyoiumba kwa `new` ni juu yako mpaka uifute.

Ukiwa na klasi iitwayo `Mchumaji`, andika `Mchumaji m("Asha", 4);` ndani ya funksheni na umemaliza. Hiyo ni objekti kamili, si kivuli cha objekti. Iko kwenye staki (memori ya muda ya funksheni), konstrakta yake (funksheni ya kuiandaa) imeitwa, na ukifika kwenye mabano ya kufunga destrakta (funksheni ya kuivunja) inaitwa yenyewe, hata kama umetoka katikati kwa `return` au kwa eksepsheni iliyodakwa kule juu. Zikiwa tatu, iliyoumbwa mwisho ndiyo inayovunjwa mwanzo.

Msimu wa karafuu, mwanafunzi wangu mmoja aliandika programu ya kuhesabu pishi za wachumaji. Kila akifungua faili, majina ya mwisho hayamo, na mstari wa mwisho umekatika katikati ya jina. Akalaumu flashi, akalaumu umeme. Nilipokaa naye nikaona `std::ofstream* faili = new std::ofstream("pishi.txt");` na `delete` hakuna popote. Maandishi huingia kwanza kwenye bafa (hifadhi ya muda kwenye memori), na bafa humwagwa kwenye faili ikijaa, ukiiamuru, ukifunga faili, au destrakta ikiitwa. Hapa destrakta haikuitwa asilani, kwa sababu pointa (kigezo kinachoshika anwani tu) ikifa, objekti inayoelekezwa haifi nayo. Tukaondoa `new` na nyota zake, ikabaki `std::ofstream faili("pishi.txt");`. Tulipoiendesha tena, majina yote yakatoka. Siku mbili za kijana wa watu zimepotea kwa neno la herufi tatu!

Najua pia wanakokwama. Wanajaribu `Mchumaji m();`, kompaila inagoma mstari unaofuata, basi wanakimbilia `new`. Mabano matupu pale husomwa kama tangazo la funksheni. Andika `Mchumaji m;` au, tangu C++11, `Mchumaji m{};`.

Wengine huniambia staki ina memori ya kasi zaidi. Memori ni ile ile ya RAM. Kinachookoa muda ni kwamba kutenga nafasi kwenye staki ni kusogeza rejista moja tu, wakati hipu lazima itafutiwe kipande kinachotosha, na kipande hicho baadaye kirudishwe.

Eti vekta (`std::vector`, orodha inayokua) yenye data nyingi itapasua staki? Vekta yenyewe kwa kawaida ni baiti 24 kwenye mashine ya biti 64, na vilivyomo viko hipu. Cha kuogopa ni `double a[2000000];` ndani ya funksheni: hiyo ni MB 16, na Linux nyingi huipa staki MB 8.

Wala polimofizimu, yaani kuitumia objekti ya klasi rithi kupitia klasi mama, haidai `new`. `duara` ikiwa objekti ya klasi iliyorithi `Umbo`, rejea `Umbo& u = duara;` inatosha, na funksheni za `virtual` zitaitwa za duara. Usiipitishe tu kwa thamani, yaani kama nakala ya `Umbo`, maana sehemu ya duara itakatwa ibaki umbo tupu.

Neno `new` lenyewe halina maana moja kila lugha. Katika lugha ya D objekti za klasi kwa kawaida huenda hipu, lakini ukiandika `scope m = new Mchumaji();` ndani ya funksheni, inawekwa kwenye staki na kuvunjwa mwisho wa eneo lake.

Hipu ina kazi yake: objekti ikitakiwa kuishi baada ya funksheni kwisha, usirudishe anwani ya kilichomo kwenye staki. Rudisha objekti yenyewe, au tumia `std::make_unique`, iliyopo tangu C++14. Na kwenye Linux kompaili na `-g -fsanitize=address`. Ukivujisha memori, programu ikimaliza utaonyeshwa mstari wenye `new` uliyoiacha.