Je, wajua taka za mkonge zinaweza kuwasha taa?

Barabara ya Segera kwenda Tanga mjini inapita katikati ya mashamba ya mkonge. Msafiri huiona mistari ya majani yaliyochongoka, lakini si rahisi aone kilichopo nyuma ya korona, ile mashine inayoponda na kukwangua majani hadi zibaki singa, yaani nyuzi za kusokotea kamba. Huko nyuma kuna makapi ya kijani, mengi kuliko singa zenyewe.

Katika kila kilo 100 za majani mabichi yanayoingia korona, singa ni kilo 4 hivi. Zilizobaki ni maji na nyama ya jani. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mkonge huku mwaka 1893, na miche 62 tu ndiyo iliyonusurika safari na kupandwa Kikogwe, Pangani. Kwa zaidi ya miaka mia moja tangu hapo, tumeuza zile kilo 4 na kuzitupa 96. Nyingine zimeishia mitoni, zikaoza na kumaliza oksijeni ambayo samaki wanaihitaji. Mimi naona huo ni upotevu mkubwa, kwa sababu ndani ya makapi hayo mna nishati.

Inatokaje? Makapi yanafungiwa kwenye tangi lisilopitisha hewa, yanaachiwa vijidudu. Kundi la kwanza huyamega kuwa sukari, la pili huigeuza sukari kuwa asidi, na la tatu huitumia asidi hiyo na kutoa methani, gesi inayowaka. Vijidudu vya kundi la tatu ni jamaa ya wale wanaoishi tumboni mwa ng'ombe, ndiyo maana samadi mbichi hufaa kuanzishia tangi jipya.

Ugumu wa kazi ni kuwatunza hao wa mwisho. Maji ya mkonge yana asidi tangu mwanzo, na ikizidi wanaacha kuzalisha, hivyo fundi analilisha tangi kidogo kidogo huku akipima. Singa fupi zilizoponyoka korona nazo huziba pampu, lazima zichujwe mapema. Joto la pwani ni msaada mkubwa: vijidudu hawa hufanya kazi vizuri kwenye nyuzi 35 hivi, na katika nchi za baridi sehemu ya gesi hutumika kupasha tangi lenyewe.

Gesi inayopatikana ina methani zaidi ya nusu. Nyingine karibu yote ni kabonidayoksaidi. Kuna pia sulfidi ya hidrojeni kidogo, inayonuka kama yai viza. Hiyo huondolewa kwanza, maana hula vyuma vya injini. Kisha injini inaichoma gesi na kuzungusha jenereta. Mita moja ya ujazo hutoa umeme wa yuniti 2 hivi.

Haya yamefanyika hapa hapa. Kufikia mwaka 2008, Hale, wilayani Korogwe, tayari kulikuwa na mtambo wa kuzalisha umeme kwa makapi ya mkonge, wenye jenereta ya kilowati 150. Umeme huo unatosha kuwasha kwa pamoja taa 15,000 za wati 10.

Nishati hii huitwa safi. Mtu atauliza: kama kuna kitu kinachochomwa, usafi uko wapi? Kaboni inayotoka kwenye injini ndiyo ile ile ambayo mkonge uliivuta hewani ulipokuwa unakua, na mkonge mwingine shambani unaivuta tena. Makapi yakiachwa yaoze kwenye lundo au bwawa, methani hutoka vilevile, ila inapanda angani bila kumfaa mtu. Na methani hiyo, kwa kipimo cha miaka 100, hupasha dunia joto karibu mara 28 kuliko kabonidayoksaidi ya uzito uleule.

Kwa nini basi tusiijaze kwenye mitungi ikapikiwe Ngamiani na Chumbageni, Tanga mjini? Gesi ya mitungi tuliyoizoea hugeuka kimiminika ikigandamizwa kiasi tu, ndiyo maana mtungi mdogo hupikia siku nyingi. Methani haigeuki kwa kugandamizwa peke yake; lazima ipozwe sana, na bila kugandamizwa hadi kufikia nyuzi 162 chini ya sifuri. Kuyabeba makapi yenyewe nako ni kubeba maji. Kwa hiyo faida yake iko pale pale ilipo korona: gesi kwa bomba hadi nyumba za wafanyakazi wa shamba, na umeme kwa waya hadi kijijini.

Anayeishi mbali na mkonge lakini anafuga, Muheza au Lushoto, ana njia yake. Ng'ombe wawili au watatu wanaolishwa bandani hutoa samadi ya kutosha kuendesha mtambo mdogo wa kupikia nyumbani. Samadi huchanganywa na maji kwa kiasi sawa, tangi likachimbiwa ardhini, na bomba likaenda jikoni. Tope linalotoka upande wa pili ni mbolea nzuri ya migomba na majani ya malisho, kwani virutubisho vyake haviondoki na gesi.